Mtoto kachelewa kukaa, kutembea au kuongea: kabla ya kuuliza nani kambemenda, pitia hapa (hasa watu wa Nyanda za Juu Kusini)

Mzee wa Mkeka (mwanzisha uzi)

Wakuu, kamwene. Wa Tukuyu na Kyela, mwagonile.

Mimi natoa mazoezi tiba kwa watoto, huku huku Nyanda za Juu Kusini. Kituo sitaji, tusije tukaanza kutafutana. Naandika kwa sababu nimechoshwa na swali moja ambalo kwa kawaida bibi analiuliza kabla mama hajafungua mdomo: "Huyu kabemendwa, eti daktari?", yaani kadhoofika kwa sababu wazazi walilala pamoja angali ananyonya, au mmoja wao kachepuka. Likishatamkwa, mama anainamia khanga yake, baba kama amekuja anaanza kuchezea simu, na kuanzia hapo historia ninayopewa ni ya kujikinga. Nitaambiwa uchungu ulikuwa wa kawaida. Nitaambiwa mtoto alilia vizuri. Nikiomba kadi ya ujauzito, imesahaulika nyumbani.

Mtoto habemendwi. Wazazi kulala pamoja mama akiwa ananyonyesha hakumlegezi mtoto, na mchepuko wa baba ni dhambi ya baba, hauingii kwenye miguu ya mwanawe. Ila wazee hawakuwa wajinga, kuna kitu waliona. Mama akishika mimba nyingine mtoto akiwa na miezi saba au nane, mara nyingi yule wa kwanza anaachishwa ziwa ghafla, anaangukia kwenye uji mweupe, anakonda, miguu inakosa nguvu. Walichokiona ni njaa na mimba za kufuatana. Lawama ndiyo wakaipeleka kitandani.

Tukubaliane kwanza kuchelewa ni kupi, maana najua humu watakuja na wa miezi kumi hatembei. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya wa nchi kadhaa. Karibu wote walikaa wenyewe bila kuegemea kati ya miezi 4 na 9, wakatembea peke yao kati ya miezi 8 na karibu 18. Kwa hiyo wa miezi 13 anayezunguka huku kashika makochi, muache aendelee na safari zake. Wa miezi 10 ambaye hajaweza kukaa, mlete. Wa mwaka na nusu hatembei, mlete. Upande wa kuongea, kufika miezi 16 awe na neno hata moja analolitumia kwa maana, na akifika miaka 2 aunganishe mawili mwenyewe: "mama maji", "baba njoo". Halafu kuna dalili mbili watu wanazipita. Mtoto chini ya mwaka anayetumia mkono mmoja tu huku mwingine ameukunja ngumi. Nyumbani wanasifia kwamba ni wa kushoto kama babu yake, kumbe upande mmoja wa mwili una shida. Na mtoto aliyekuwa anaweza jambo halafu akaliacha: alikuwa na maneno kanyamaza, alikuwa anakaa sasa anaanguka. Huyo hasubiri wiki ijayo, awe na umri wowote.

Sasa sababu. Mara nyingi hukuti moja imesimama peke yake. Zinapandana.

Naanza tumboni. Milima yetu ina historia ya upungufu wa madini joto, na wenye umri wangu tunawakumbuka akina mama wenye rovu shingoni, Njombe hadi Mbeya. Mjamzito akikosa madini joto kwa kiwango kikubwa, ubongo wa mtoto unaumia kabla hajazaliwa. Chumvi iliyowekwa madini joto imesaidia mno, ila hiyo ya kupimiwa kwenye kopo sokoni hujui ina nini, nunua yenye pakiti iliyoandikwa. Asidi ya foliki nayo inatakiwa mapema, ikiwezekana kabla ya mimba, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati mama wengi hata hawajajua wana mimba. Ndiyo chanzo kimojawapo cha wale watoto wa mgongo wazi na vichwa vikubwa. Unga wa viwandani unapaswa kuongezwa kirutubisho hiki. Unga wa mashine ya mtaani, ambao ndio wengi wetu tunakula, hauna.

Halafu ulanzi, pombe ya mianzi. Mvua zikinyesha na mianzi ikigemwa, Iringa na Njombe utamkuta mjamzito na kikombe, ukimuuliza anakwambia huu ni mtogwa, mtamu tu, haujachacha. Ulanzi unaanza kuchacha ungali kwenye mwanzi. Pombe inapita kwenye kondo na kumfikia mtoto moja kwa moja, na hakuna kiasi ambacho mtu anaweza kukuhakikishia ni salama. Pombe ya komoni ya Mbeya hivyo hivyo. Na nyie mnaomlambisha mtoto wa miezi sita kidogo "ili alale", nimewaona.

Kuna mengine ya kwetu hayasemwi sana. Chunya, watu wanachoma dhahabu yenye zebaki jikoni, mama mjamzito yumo humo humo na mtoto mgongoni. Ule mvuke ni sumu ya ubongo na mishipa ya fahamu. Mashamba ya nyanya Ilula na viazi Njombe, mama anabeba bomba la dawa na mimba ya miezi mitano, jioni anafua nguo za dawa pamoja na nepi. Tafiti zimehusisha baadhi ya dawa za wadudu na ubongo kukua taratibu. Kuna VVU pia. Utafiti wa 2022/23 uliikuta Njombe na 12.7% ya watu wazima, Iringa 11.1%, Mbeya 9.6%, wakati taifa ni 4.4%. Mama akijua hali yake na kumeza dawa, mtoto kwa sehemu kubwa anazaliwa salama. Asiyepimwa ndiye mwenye hatari, kwa sababu virusi vikimwingia mtoto vinafika hadi kwenye ubongo, na kuchelewa kukaa kunaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza.

Siku ya kuzaliwa ndipo ninapokaa sana, kwa sababu watoto wangu wengi wa mtindio wa ubongo wametokea hapo. Mtoto aliyechoka kwa kukosa hewa hakulia. Akakandwa, akapulizwa, dakika zikapita. Akalia baadaye, wote wakashangilia, wakaenda nyumbani. Siku mbili tatu baadaye hanyonyi vizuri, anajikunja, anatetemeka upande. Miezi minne shingo bado inaanguka. Sasa ukinificha kwamba uchungu ulikaa siku mbili, unanipotezea muda, na muda kwa huyu mtoto ndiyo dawa yenyewe.

Manjano je? Manjano kidogo siku ya tatu ni kawaida. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto ana manjano na amelegea hanyonyi, hiyo ni dharura. Kumuanika kwenye jua la asubuhi hakutoshi, na huku kwetu Juni na Julai hilo jua lenyewe mnalipata saa ngapi? Anahitaji taa maalumu hospitali, wengine kubadilishwa damu. Ikichelewa, manjano yanaingia kwenye ubongo. Anabaki na mwili unaojinyonga wenyewe, mara nyingi na masikio yasiyosikia.

Na njiti, aliyezaliwa kabla ya muda: hesabu umri wake kwa tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Aliyewahi miezi miwili, akiwa na miezi 9 ya kalenda mpime kama wa 7, mpaka afike miaka 2. Mama wengi wanalia bure kwa kukosa hesabu hiyo.

Baada ya hapo ni maradhi. Homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Watu wa baridi tunajidanganya kwamba malaria ni ya Kyela na Mbarali, lakini mtoto wa Makete aliyepelekwa kusalimia bondeni hana kinga yoyote, ikimpata inampata kweli. Degedege la homa la dakika chache likiisha lenyewe, kwa kawaida haliachi madhara. Lile la muda mrefu, la kurudia, au ambalo mtoto hazinduki baada yake, ndilo la kuogopa. Msipoteze muda kumfukizia moshi wa kinyesi cha tembo.

Chakula nimekiacha makusudi, nitarudi, umeme wenyewe unachezacheza.

Tupo Saiti

Dah, nimeona "Mzee wa Mkeka" nikakimbilia nikijua umeshusha mkeka wa kubeti wa wikiendi. Haya bwana, nimesoma mpaka mwisho. Mwanangu ana miezi 11 anatambaa kinyumenyume, nimepumua.

Mnyalukolo Halisi

Najua ukirudi unakuja na zile hesabu zenu za udumavu Iringa. Hizo asilimia ni chai. Sisi ndio tunalisha nchi hii mahindi. Wafupi wapo kila kabila, watu wana miili yao.

Mzee wa Mkeka

Mnyalukolo, umeniwahi. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulipima watoto chini ya miaka 5 nyumba kwa nyumba. Tanzania nzima wadumavu, yaani wafupi mno kwa umri wao, 30%. Iringa 57%. Njombe na Rukwa 50%. Mikoa ya ghala la taifa ndiyo imeongoza.

Kuhusu kabila: kipimo cha udumavu kilitengenezwa kwa kufuatilia watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Katika miaka ya mwanzo walikua karibu sawa. Mhehe hana mfupa wa peke yake hadi afike miaka mitano. Ila naomba nieleweke: mtoto mfupi si lazima awe mzito wa akili, na hakuna anayempima mtu akili kwa futi kamba. Udumavu ni alama kwamba kwa muda mrefu mwili ulikosa kitu, na katika miaka hiyo hiyo ubongo nao ulikuwa unajengwa kwa vitu hivyo hivyo.

Tatizo letu si tumbo tupu. Mtoto anashiba. Anashiba uji wa sembe asubuhi, ugali mchana na mchuzi wa maharage bila maharage yenyewe, usiku viazi. Mashavu manene, bibi anafurahi, mizani ya kliniki inasoma vizuri. Kwa sababu kliniki nyingi zinapima uzito na urefu haupimwi kila mara, hakuna anayestuka. Mayai yapo bandani lakini yanasubiri mnunuzi wa Makambako. Parachichi zinapakiwa kwenye kreti. Maziwa yanakwenda kwenye kituo cha kukusanyia, hela inarudi na biskuti.

Na mahindi yakihifadhiwa yakiwa mabichi yanaota ukungu wenye sumu, sumukuvu. Ukiuonyesha ukungu watu wanakwambia "tutakoboa tu" au "tutawapa kuku". Sumukuvu imehusishwa na watoto kutokua vizuri, na haiishi kwa kupika.

Nimalizie na kikombe cha chai, maana Mufindi, Lupembe na Rungwe hamtanipenda. Chai ya rangi kwa mtoto wa mwaka mmoja, tena pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma kufyonzwa. Chuma kikipungua damu inapungua, na hata kabla damu haijaonekana kupungua, mtoto anakuwa mzito, hachezi, hafuatilii. Tukuyu mna lenu: maziwa ya ng'ombe kwa mtoto asiyefika mwaka, tena ndiyo chakula kikuu. Maziwa hayo yana chuma kidogo sana, na kwa mdogo vile yanaweza kumfanya avuje damu kidogo kidogo tumboni bila nyie kuona. Ziwa la mama mpaka miaka 2, na kuanzia miezi 6 chakula chenye dagaa, yai, maharage yaliyopondwa, mboga, mafuta kidogo. Dagaa wa Nyasa wapo Kyela pale, bei si ya kutisha.

Bibi wa Kihesa

Wanangu, mimi nimelea saba na wajukuu sijui wangapi. Wa tano alitembea karibu na miaka miwili, kabla ya hapo alikuwa anasota kwa makalio nyumba nzima. Leo anaendesha lori la Tunduma. Tulimfukia kwenye shimo mpaka kiunoni asubuhi na jioni, mwezi haujaisha akasimama. Msidharau za kwetu.

Mzee wa Mkeka

Bibi shikamoo. Huyo wa kusota kwa makalio namwamini kabisa, wapo watoto wa aina hiyo, wanachelewa kutembea kuliko wenzao na wengi wanakuwa wazima. Alikuwa anakaa, anashika vitu, anaongea, sivyo? Angetembea hata bila shimo. Shimo linamsimamisha mtoto ambaye tayari misuli yake inaelewa kusimama. Lakini nimeletewa mtoto mwenye mtindio, miguu imekakamaa kama mkasi, amefukiwa wiki nyingi kwenye udongo wa baridi ya Julai, ngozi ya mapaja imechubuka na kifua kimeshika. Muda wote huo hakuna aliyemuuliza mama alijifunguaje. Hapo ndipo ninapogombana na shimo, bibi, sigombani na wewe.

Bibi wa Kihesa

Marahaba. Nimekusikia. Ila na nyie watoto wa hospitali mjifunze kusalimia kabla ya kufoka.

Mama Tuntu

Ndaga sana kwa somo. Niko Tukuyu. Wangu ana miaka miwili na miezi mitatu, anatembea, anakimbia, akitaka kitu ananivuta mkono. Maneno ni "ma" na "ta" basi. Anapenda katuni kwenye simu, ukimpa anatulia hata saa mbili. Mwalimu wa kituo ametuambia tuache kuongea Kinyakyusa nyumbani kwani tunamchanganya. Mama mkwe amekasirika. Nifanyeje? Mwezi wa tatu aliwahi kutoa usaha sikioni, ukakauka.

Mzee wa Mkeka

Mama Tuntu, Kinyakyusa msikiache. Watoto wanaokua na lugha mbili hawachelewi kwa sababu ya lugha mbili. Unahesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja, na mkwe wako akimwimbia na kumpigisha hadithi kwa Kinyakyusa anafanya kazi bora kuliko simu. Kinachonitia wasiwasi ni huo usaha. Ukikauka nje haina maana ndani pamepona. Maji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto anasikia kama yuko chini ya blanketi, mlango ukibamizwa anastuka, lakini "s" na "f" hazimfikii. Kaa nyuma yake asikuone, asihisi upepo, mwite kwa sauti ya kawaida, kisha kwa mnong'ono. Hata akigeuka, bado nataka apimwe masikio na mtaalamu, kwa sababu kipimo cha nyumbani kinadanganya.

Angalia pia vitu hivi: anakuangalia usoni? Anakuonyesha kwa kidole ndege au gari ili na wewe uone, au anakuvuta mkono tu kama chombo? Anaigiza kumlisha mwanasesere? Kama hafanyi, mwambie daktari, atamwangalia kwa habari ya usonji. Simu haisababishi usonji. Lakini saa mbili za katuni ni saa mbili ambazo hakuna mtu aliyezungumza naye akasubiri jibu. Kwa sasa izime.

Dereva wa Igawa

Mkuu maelezo marefu, nipe jina la dawa. Kuna sirapu ya kalsiamu niliuziwa duka la dawa Mwanjelwa, na mafuta ya kuchua. Mtoto mwaka na miezi minane hasimami.

Mzee wa Mkeka

Hakuna sirapu ya kutembea, kaka. Kama ana matege au mifupa laini kuna dawa yake, baada ya kupimwa. Kuchua kwa upole si vibaya, kunyoosha kwa nguvu viungo vilivyokakamaa ni vibaya. Hela ya chupa ya pili panda nayo gari uende hospitali ya rufaa ya mkoa au ile ya kanda pale Mbeya, uliza idara ya mazoezi tiba. Nijibu mawili: alilia alipozaliwa? Na anakaa mwenyewe?

Dereva wa Igawa

Anakaa ndiyo, ila mpaka umuweke. Kulia sijui, nilikuwa safari. Mama yake yuko kimya hapa nikimuuliza.

Binti Ludewa

Dereva, huenda mama yake yuko kimya kwa sababu amezoea kusikia swali hilo likija na kofi nyuma yake. Naongea kwa niaba yake.

Wangu ana miaka minne sasa. Uchungu ulinianza kijijini mvua za masika, gari lilikwama, tukabebana kwenye machela. Nilipofika mahali fulani sitapataja, aliyekuwa zamu aliniambia bado, nitembeetembee. Nilitembea usiku kucha. Mtoto alitoka wa bluu. Kwenye kadi waliandika 3, kisha 6, nikadhani ni namba za kitanda. Hakuna aliyenieleza. Ndugu wa mume walikaa kikao, wakasema nimembemenda, mume akaenda Dar, hajarudi.

Nilichojifunza kwa kuhangaika: fundi seremala wa hapa kijijini alinitengenezea kiti cha mbao chenye meza mbele na kigogo katikati ya miguu ili isibane. Nilimchorea kwenye mchanga kile nilichokiona hospitali. Mwanangu akikaa humo kichwa kinasimama, anashika kijiko mwenyewe, uji unamwagika nusu, nusu unaingia. Amejua kucheka watu. Zamani nilikuwa namlisha amelala chali, anapaliwa, kila mwezi nimonia. Kumbe alikuwa akilishwa vibaya tu.

Nesi Mstaafu

Binti, pole sana, na hongera kwa kiti. Hizo namba ni alama za mtoto dakika ya kwanza na ya tano: mapigo, pumzi, rangi, ulegevu, na anavyoitika akiguswa. Mwisho wake ni 10. 3 ni ndogo sana. Mama yeyote anayesoma hapa, mkiandikiwa ulizeni, ni haki yenu, na kadi mkaitunze, msiifanye kifuniko cha chupa.

Mzee wa Mkeka nakubaliana nawe mengi ila kuna mahali umewaonea akina mama. Ulanzi, dawa za nyanya, chai, yai lililouzwa, kila mahali umemtaja mama. Yai limeuzwa na nani? Nimekaa kliniki ya watoto miaka mingi, namjua mama anayeamka saa kumi, anachuma chai hadi saa tisa, mtoto yuko na dada yake wa miaka minane, na dada huyo naye alitakiwa awe darasani. Mtoto amefungwa mgongoni au kalazwa mkekani kutwa. Nani ameongea naye? Kuna mama mwingine amejifungua na roho imezama, halii wala hacheki, anamtazama mtoto kama jirani. Sonona baada ya kujifungua ipo, na mtoto anaihisi. Na nyumba ambayo baba akirudi kila mtu ananyamaza kwa hofu, nayo inachelewesha watoto. Yaandike hayo.

Mzee wa Mkeka

Umenena, mama. Hapo hapo niwape habari moja. Jamaika, mjini Kingston, miaka ya 1980, walichukua watoto 129 waliodumaa. Wengine wakapewa maziwa ya lishe, wengine wakatembelewa kila wiki na mhudumu wa afya wa mtaani aliyemfundisha mama kucheza na mtoto kwa vitu vya kutengeneza nyumbani, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa. Miaka miwili tu. Wakafuatiliwa hadi wakawa watu wazima, na matokeo yaliyotolewa 2014 yalionyesha waliochezeshwa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa 25% kuliko ambao hawakuchezeshwa. Nchi yetu nayo ilizindua programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, PJT-MMMAM, kuanzia 2021/22, inayosema lishe, afya, ulinzi, malezi na kujifunza viende pamoja. Mkihudhuria kikao cha kijiji, ulizeni imefika wapi.

Mwalimu wa Awali, Makambako

Nachangia kutoka darasani. Napokea wa miaka mitano ambao hawajui kushika kalamu, wengine hawatamki sentensi. Zamani tuliwaita wazito tukawaweka nyuma. Ukiwachunguza, mmoja haoni ubaoni, mmoja hasikii, mmoja ana kifafa na nyumbani wanamficha, mmoja hajawahi kushika kijiti akachora chini kwa sababu kutwa alikuwa amefungiwa. Huyo wa mwisho ndani ya muhula anawafikia wenzake. Wa kwanza watatu bila msaada hawafiki popote. Na kuna mmoja ana uso wa Dauni, mama yake alimpata akiwa na miaka 43. Kijiji kizima kina hadithi yake.

Mzee wa Mkeka

Dauni ni kromosomu moja ya ziada, inatokea wakati wa kutunga mimba. Umri mkubwa wa mama unaongeza uwezekano, lakini hata binti wa miaka 20 anaweza kumpata. Hakuna aliyeroga, hakuna aliyekosea. Wanachelewa, ila wanakaa, wanatembea, wanaongea, wengi wanasoma. Apimwe moyo na tezi ya shingo, hivyo viwili huwa vinawasumbua. Pia tuseme ukweli: wapo watoto ambao hata ukiwapima kila kitu hupati sababu. Mazoezi wanaanza hivyo hivyo, hatusubiri jina la ugonjwa.

Mnyalukolo Halisi

Bado nina mashaka na asilimia zenu, ila nimeenda kuangalia ghala. Kuna magunia mawili yana ukungu. Nauliza tu, kuku wanaweza?

Nesi Mstaafu

Kuku hapana. Sumu inawadhuru wenyewe, na nyingine inarudi kwako kwenye yai na maini. Teketeza.

Dereva wa Igawa

Mama yake ameongea. Hakulia alipozaliwa, alipelekwa chumba kingine mpaka jioni. Sikuwahi kuambiwa. Jumatatu naomba ruhusa, tunakwenda. Tukifika tuseme nini, maana pale dirishani huwa wanakuharakisha?

Mzee wa Mkeka

Sema hivi, kwa ufupi: "Mtoto wa mwaka na miezi minane, hasimami, hakai hadi akalishwe, hakulia alipozaliwa." Ukisema "hajisikii vizuri" utapewa panado. Beba kadi ya mtoto na kadi ya ujauzito zote mbili. Mrekodi kwenye simu nyumbani akiwa anacheza na akiwa anakula, hospitali watoto wanagoma. Kama anapata kushtuka au kujikunja ghafla, rekodi na hilo, linaweza kuwa kifafa na kina dawa. Mama yake aingie chumbani na aongee yeye, wewe beba mtoto. Mkirudi niandikie inbox walichosema.

Tupo Saiti

Na mie nimebandika kadi ya mwanangu ukutani, mke wangu anashangaa. Mzee, hao wa kutambaa kinyumenyume wanageuka lini?

Mzee wa Mkeka

Wakichoka kugonga makabati.